Mwongozo wa kutatua maswali ya kani na mwendo: mchoro kwanza, hesabu baadaye

Mwanafunzi anayeanza mekanika kwa kawaida hukutana na milinganyo mapema mno. Huikariri mpaka akaijua kwa ghibu, na bado akipewa swali lenye sanduku, kamba na sakafu yenye msuguano hajui aanzie wapi, kwa kuwa mlinganyo peke yake haumwambii ni kani zipi zinazolisukuma au kulivuta sanduku hilo, wala ni zipi asizopaswa kuzihesabu. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kwanza kuueleza mwendo kwa usahihi, kisha kuchora kani zote zinazotenda juu ya kitu kimoja kilichochaguliwa, na baada ya hapo tu ndipo hesabu inapoingia. Atakayeuzoea utaratibu huu ataona kwamba maswali ya lifti, ya mteremko na ya vigari vilivyofungwa pamoja yanatatuliwa kwa njia ile ile.

Katika hesabu zote zinazofuata, mchapuko unaotokana na mvutano wa Dunia, ambao huandikwa g, umechukuliwa kuwa 10 m/s² ili namba ziwe nyepesi. Thamani iliyo karibu zaidi na hali halisi ni 9.8 m/s², na swali likiitaja hiyo, basi itumike hiyo.

Hatua ya 1: Ueleze mwendo kabla ya kutafuta kinachousababisha

Maneno matatu lazima yatenganishwe mapema: kasi, velositi na mchapuko. Kasi ni umbali uliosafiriwa ukigawanywa kwa muda, na haijali mwelekeo. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake. Inapimwa kwa badiliko la mahali, yaani umbali wa mstari mnyoofu kutoka mwanzo hadi mwisho, ukigawanywa kwa muda. Mkimbiaji anayezunguka uwanja wa mita 400 mara moja kwa sekunde 80 ana kasi ya wastani ya 5 m/s, lakini velositi yake ya wastani ni sifuri, kwa sababu amerudi pale pale alipoanzia. Jibu hilo la sifuri huwashangaza wengi, lakini ni sahihi, na linaonyesha kwa nini maneno haya mawili hayawezi kubadilishana nafasi.

Mchapuko ni kiwango cha kubadilika kwa velositi. Gari linalotoka 8 m/s hadi 20 m/s kwa sekunde 4 lina mchapuko wa 3 m/s², maana yake ni kwamba kila sekunde inayopita velositi yake inaongezeka kwa mita 3 kwa sekunde. Na kwa kuwa velositi ina mwelekeo, gari linalokata kona kwa kasi isiyobadilika nalo lina mchapuko, ingawa mshale wa spidomita haujasogea hata kidogo.

Kabla ya kuandika namba yoyote, chagua upande mmoja uwe chanya na uuandike pembeni mwa karatasi. Alama ya hasi mbele ya mchapuko haimaanishi kwamba kitu kinapunguza mwendo. Inamaanisha tu kwamba mchapuko unaelekea upande uliouita hasi. Mpira uliorushwa juu ni mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini. Ukiuita upande wa juu chanya, mchapuko wake ni −10 m/s² tangu unapouacha mkono mpaka unaporudi: unapopanda, unaposhuka, na vilevile pale kileleni ambapo velositi yake ni sifuri kwa nukta moja ya muda. Wanafunzi wengi huandika kwamba kileleni mchapuko ni sifuri pia. Kama ingekuwa hivyo, mpira usingekuwa na sababu ya kuanza kushuka, nao ungebaki ukining'inia hewani.

Jambo dogo lakini la lazima: badili vipimo vyote viwe mita, kilogramu na sekunde kabla ya kuanza. Kilomita kwa saa hugawanywa kwa 3.6 ili zipatikane mita kwa sekunde; 72 km/h ni 20 m/s.

Hatua ya 2: Soma grafu, kisha tumia milinganyo ya mwendo

Katika grafu ya velositi dhidi ya muda, mwinamo wa mstari ni mchapuko, na eneo lililo chini ya mstari ni badiliko la mahali. Chukua gari linaloanza kutoka kwenye hali ya kutulia, likafikia 12 m/s kwa sekunde 4, likaendelea na velositi hiyo kwa sekunde 6, kisha likasimama ndani ya sekunde 3. Mchapuko wake ni 3 m/s² katika kipindi cha kwanza, sifuri katika cha pili, na −4 m/s² katika cha tatu. Maeneo ya pembetatu, mstatili na pembetatu ya mwisho ni mita 24, mita 72 na mita 18, kwa hiyo gari limesafiri mita 114. Hakuna mlinganyo uliohitajika.

Milinganyo inayofundishwa shuleni, yaani v = u + at, s = ut + ½at², na v² = u² + 2as, imetokana na grafu ya aina hiyo hiyo, na ni halali pale tu mchapuko unapokuwa haubadiliki. Herufi u ni velositi ya mwanzo, v ya mwisho, a ni mchapuko, s ni badiliko la mahali, t ni muda. Orodhesha unachokijua na unachokitafuta, kisha chagua mlinganyo usiokuwa na kile ambacho hukijui wala hukihitaji.

Mlinganyo wa tatu una habari ambayo kila mtu atakayewahi kushika usukani anapaswa kuijua. Tuseme breki za gari zinaweza kulipunguza mwendo kwa 5 m/s² kila wakati. Likiwa na 10 m/s, litasimama baada ya mita 10. Likiwa na 20 m/s, litahitaji mita 40. Na likiwa na 40 m/s, mita 160. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama huongezeka mara nne, kwa kuwa velositi imepandishwa kwenye kipeo cha pili. Hapo bado haujahesabiwa umbali ambao gari hupita wakati dereva anatambua hatari na kupeleka mguu kwenye breki.

Hatua ya 3: Elewa kani inafanya nini, na haifanyi nini

Kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kingine. Ina ukubwa na mwelekeo, kwa hiyo ni vekta, na hupimwa kwa nyutoni. Nyutoni 1 ni kani inayoweza kukipa kitu cha kilogramu 1 mchapuko wa 1 m/s².

Hapa ndipo penye kikwazo kikubwa kuliko vyote katika somo hili, nami ningependa msomaji atulie kidogo. Mazoea ya kila siku hutufundisha kwamba kitu kikiacha kusukumwa husimama, na kutokana na hilo tunahitimisha kwamba kani ndiyo inayodumisha mwendo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha jambo linalofanana na hilo, na mawazo hayo yaliheshimiwa kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Galileo Galilei aliliangalia upya kwa kutumia mipira na miteremko. Mpira unaoshuka mteremko mmoja na kupanda mwingine hukaribia kufikia kimo kile kile ulichoanzia. Mteremko wa pili ukilazwa zaidi, mpira husafiri mbali zaidi kabla ya kufikia kimo hicho. Je, mteremko wa pili ukilazwa kabisa hadi ukawa tambarare? Mpira hauna kimo cha kukifikia, na kama hakuna cha kuuzuia, utaendelea tu.

Isaac Newton alilifanya wazo hilo kuwa sheria yake ya kwanza ya mwendo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa velositi ile ile katika mstari mnyoofu, isipokuwa kani tokeo ikitenda juu yake. Kani tokeo ni jumla ya kani zote baada ya kuzingatia mwelekeo wa kila moja. Kwa hiyo kani haihitajiki ili kitu kiwe na mwendo. Inahitajika ili mwendo ubadilike. Sanduku linalosukumwa sakafuni husimama likiachwa kwa sababu kani ya msuguano inaendelea kulirudisha nyuma, wala si kwa sababu mwendo wake umeisha wenyewe. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, bado kinasafiri angani kwa takriban kilomita 17 kwa sekunde bila injini yoyote kukisukuma mbele.

Tofauti ya tungamo na uzito nayo ikae sawa. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu na kipimo cha ukaidi wake dhidi ya kubadilishwa mwendo. Hupimwa kwa kilogramu na halibadiliki kwa kuhamishwa mahali. Uzito ni kani ambayo mvutano wa Dunia, au wa gimba lingine, hukivuta kitu hicho; hupimwa kwa nyutoni na ni zao la tungamo na g. Sanduku la kilogramu 10 lina uzito wa takriban nyutoni 100 hapa Duniani na nyutoni 16 hivi kwenye Mwezi, ambako g ni karibu 1.6 m/s². Tungamo lake ni kilogramu 10 kote kuwili, kwa hiyo ukitaka kulitikisa kwenda na kurudi kwa haraka utahisi ukaidi ule ule Mwezini kama Duniani.

Hatua ya 4: Chora mchoro wa kani wa kitu kimoja

Hatua hii ndiyo inayoamua kama jibu litakuwa sahihi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Chagua kitu kimoja. Kichore peke yake kama kisanduku au nukta, bila sakafu, bila kamba na bila mtu anayekivuta. Kisha jiulize maswali mawili kwa mfuatano huu: ni gimba gani linalokivuta bila kukigusa, na ni vitu gani vinavyokigusa?

Katika maswali ya kawaida ya shule jibu la swali la kwanza ni Dunia peke yake, kwa hiyo chora mshale mmoja unaoelekea chini, ambao ni uzito. Kwa swali la pili, pita kuzunguka kitu chote na uhesabu kila kinachokigusa. Kamba huvuta kuelekea ilikotoka na kamwe haisukumi. Uso wa sakafu au meza unaweza kutoa kani mbili: moja inayosukuma kwa pembemraba kutoka kwenye uso, ambayo nitaiita kani ya uso, na nyingine inayokwenda sambamba na uso, ambayo ni msuguano. Hewa huzuia mwendo, ingawa mara nyingi swali husema ipuuzwe.

Kila mshale unaochorwa lazima uweze kutajiwa kitu kinachoutoa. Kanuni hii ndogo ina faida kubwa, kwa sababu inaziondoa kani za kubuni. Mwanafunzi huchora mpira ulio hewani, kisha akauwekea mshale wa juu anaouita "kani ya kurushwa". Muulize: ni kitu gani kinachoutoa mshale huo sasa hivi? Mkono hauugusi tena mpira. Kwa hiyo mshale huo haupo, na kani iliyobaki, hewa ikipuuzwa, ni uzito tu. Vivyo hivyo "ma", yaani tungamo likizidishwa kwa mchapuko, isichorwe kamwe kama kani ya ziada. Hiyo ni matokeo ya kani zilizokwisha kuchorwa.

Msuguano unahitaji uangalizi wake. Kitu kikiwa hakijateleza, msuguano hujirekebisha ulingane na msukumo mpaka ufikie kikomo chake. Tuchukue sanduku letu la kilogramu 10, na tuseme kikomo cha msuguano tuli ni nyutoni 25 na msuguano wa kuteleza ni nyutoni 20. Ukilisukuma kwa nyutoni 10, msuguano nao ni nyutoni 10 na sanduku halisogei. Ukiongeza hadi 20, msuguano ni 20. Ukifika 30, kikomo kimepitwa, sanduku linateleza, na msuguano unashuka hadi 20. Kosa la kawaida ni kuandika nyutoni 25 kila mahali, hata pale ambapo msukumo ni mdogo kuliko hapo. Kama ingekuwa kweli, sanduku lililosukumwa kidogo lingerudi nyuma na kumwendea aliyelisukuma.

Hatua ya 5: Andika F = ma kwa kila mhimili

Sheria ya pili ya Newton inasema kani tokeo ni sawa na tungamo likizidishwa kwa mchapuko. Herufi F hapa ni kani tokeo, si kani yoyote iliyotajwa kwenye swali. Chagua mihimili miwili iliyo kwenye pembemraba, kwa kawaida mmoja ukifuata uelekeo wa mwendo, kisha andika mlinganyo mmoja kwa kila mhimili.

Sanduku linalosukumwa kwa nyutoni 30 lina kani tokeo ya 30 − 20 = 10, kwa hiyo mchapuko wake ni 1 m/s². Kwa mhimili wa wima halina mchapuko, hivyo kani ya uso inalingana na uzito, nyutoni 100. Likisukumwa kwa nyutoni 20 likiwa tayari linateleza, kani tokeo ni sifuri na litaendelea kwa velositi isiyobadilika. Halitasimama.

Sasa lifungwe kamba na kuvutwa kwa nyutoni 40, kamba ikiwa imeinuka nyuzi 30 kutoka kwenye sakafu. Mvuto huu ugawanywe sehemu mbili: sehemu ya mlalo ni 40 × cos 30°, yaani nyutoni 34.6, na sehemu ya wima ni 40 × sin 30°, yaani nyutoni 20 kuelekea juu. Kwa mhimili wa wima kani ya uso pamoja na nyutoni 20 zinabeba nyutoni 100 za uzito. Kwa hiyo kani ya uso ni nyutoni 80 tu. Msuguano wa kuteleza hutegemea kani ya uso. Pale mwanzo nyutoni 20 za msuguano zilitokana na kani ya uso ya nyutoni 100, maana yake uwiano wao ni 0.2, na sasa msuguano utakuwa 0.2 × 80 = nyutoni 16. Mchapuko ni (34.6 − 16) ÷ 10, karibu 1.9 m/s². Mwanafunzi anayeamini kwamba kani ya uso ni sawa na uzito siku zote angeandika msuguano wa nyutoni 20 na kupata 1.5 m/s². Kani ya uso haina kanuni yake ya kukariri; hutafutwa kila mara kutoka kwenye mlinganyo wa mhimili wake.

Hatua ya 6: Usichanganye jozi za sheria ya tatu

Sheria ya tatu inasema kwamba kitu A kikikisukuma kitu B, basi B nacho hukisukuma A kwa kani iliyo sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Wengi huijua kwa maneno na kuikosea katika matumizi. Chukua kitabu kilichotulia mezani. Uzito wake na msukumo wa meza ni sawa na vinapingana, lakini si jozi ya sheria ya tatu, kwa kuwa zote mbili zinatenda juu ya kitabu. Mwenza wa uzito wa kitabu ni mvuto wa kitabu kwa Dunia. Mwenza wa msukumo wa meza ni msukumo wa kitabu kwa meza. Kipimo chake ni rahisi: jozi halisi huandikwa kwa sentensi moja iliyogeuzwa, "A inaisukuma B" na "B inaisukuma A", na kani hizo mbili ni za aina moja.

Jaribio moja linafaa kufanywa kwa mikono. Unganisha mizani mbili za springi kwa ndoano zake, mtu mmoja ashike mwisho mmoja akiwa ametulia, na mwingine avute taratibu. Tazameni sindano zote mbili kwa wakati mmoja. Anayevuta hudhani mizani yake itasoma zaidi, lakini sindano hupanda pamoja na kusimama kwenye namba ile ile, kadiri ya usahihi wa mizani zenyewe. Mizani hizo zikiwekwa katika mwendo, bado husoma sawa, ilimradi ziwe nyepesi.

Huulizwa mara kwa mara: ikiwa kani mbili ni sawa na zinapingana, kitu kitasogea vipi? Jibu ni kwamba kani hizo hazitendi juu ya kitu kimoja, kwa hiyo haziwezi kufutana. Mtu anayetembea husukuma ardhi nyuma kwa mguu wake. Ardhi humsukuma mbele. Ukichora mchoro wa kani wa mtu, kati ya kani hizo mbili ni msukumo wa ardhi tu unaoingia.

Hatua ya 7: Tumia utaratibu huo kwa maswali magumu zaidi

Lifti. Mtu wa kilogramu 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti inayopanda kwa mchapuko wa 2 m/s². Juu yake kuna kani mbili: uzito wa nyutoni 600 kwenda chini na kani ya mizani, N, kwenda juu. Juu ikiwa chanya, N − 600 = 60 × 2, kwa hiyo N ni nyutoni 720. Lifti ikipanda kwa velositi isiyobadilika, N hurudi 600, kama vile ilivyo ikiwa imesimama. Lifti inayopanda huku ikipunguza mwendo ina mchapuko wa kuelekea chini, na mizani husoma pungufu ya 600. Kinachohesabiwa ni mchapuko, si uelekeo wa safari.

Vigari viwili. Kigari cha kilogramu 6 kinavutwa kwa nyutoni 30 na nyuma yake kimefungwa kigari cha kilogramu 4 kwa uzi mwepesi, bila msuguano. Kwa kutafuta mchapuko, vichukuliwe vyote viwili kama kitu kimoja cha kilogramu 10, na jibu ni 3 m/s². Kwa kutafuta mvuto wa uzi, chora kigari cha nyuma peke yake: kani pekee ya mlalo ni uzi, kwa hiyo mvuto wake ni 4 × 3 = nyutoni 12. Hakiki kwa kigari cha mbele: 30 − 12 = 18, na 18 ÷ 6 ni 3.

Kuanguka. Hewa ikipuuzwa, kani pekee ni mg, na F = ma inatoa a = g, tungamo likajifuta. Ndiyo sababu vitu vizito na vyepesi huanguka pamoja pasipokuwa na hewa, kama mwanaanga David Scott alivyoonyesha kwenye Mwezi mwaka 1971 katika safari ya Apollo 15, alipoachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja na vyote vikatua pamoja. Nyumbani, weka kipande cha karatasi kidogo kuliko kitabu juu ya jalada la kitabu na ukiangushe kitabu kikiwa kimelala. Karatasi, ambayo peke yake ingepeperuka taratibu, hushuka ikiwa imelala pale pale juu ya jalada, kwa sababu kitabu kimeisukuma kando hewa ambayo ingeizuia. Hewa isipopuuzwa, ukinzani wake huongezeka kadiri kasi inavyopanda, mpaka ulingane na uzito. Hapo kani tokeo ni sifuri na kitu huendelea kushuka kwa kasi ya kikomo.

Hatua ya 8: Lipime jibu kwa hali za mwisho

Baada ya kupata jibu, rudisha vipimo vyake kwanza: kama unatafuta mchapuko na umepata nyutoni, kuna hatua iliyorukwa. Kisha fanya jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa haraka, ingawa linastahili nafasi kubwa: peleka namba kwenye hali ambayo jibu lake unalijua tayari.

Chukua sanduku letu juu ya mteremko wa nyuzi 30, uwiano wa msuguano ukiwa 0.2. Mihimili ielekezwe kufuata mteremko. Sehemu ya uzito inayoteremka ni 100 × sin 30°, yaani nyutoni 50. Sehemu inayokandamiza uso ni 100 × cos 30°, yaani 86.6, ambayo ndiyo kani ya uso. Msuguano ni 0.2 × 86.6, yaani nyutoni 17.3, na mchapuko wa kushuka ni 3.3 m/s² hivi. Kwa herufi, θ ikiwa pembe ya mteremko, a = g(sin θ − 0.2 cos θ).

Weka θ = 90°. Jibu linakuwa g, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa mteremko umekuwa ukuta na sanduku linaanguka bila kuukandamiza. Weka θ = 0°. Jibu linakuwa −2 m/s². Je, sanduku lililotulia kwenye sakafu tambarare litaanza kurudi nyuma? Hapana. Mlinganyo huu uliandikwa kwa sanduku linaloteleza kuelekea chini, na kwenye sakafu tambarare unasema tu kwamba sanduku lililokuwa tayari linateleza litapunguza mwendo kwa 2 m/s² mpaka lisimame, na baada ya hapo msuguano wa kuteleza haupo tena. Kati ya hali hizo mbili iko pembe ambapo sin θ ni sawa na 0.2 cos θ, yaani tan θ = 0.2, karibu nyuzi 11.3. Kwenye mteremko huo mchapuko ni sifuri, na sanduku likishasukumwa likaanza kuteleza, litashuka mpaka mwisho wa mteremko kwa velositi ile ile liliyopewa.